Benki Kuu Husema na Nani?

Mwezi Februari mwaka 2024, seremala mmoja wa mtaa wa Langas, mjini Eldoret, alinijia nyumbani na barua ya benki. Ni fundi ninayemfahamu kwa miaka mingi. Rafu za vitabu vyangu alizitengeneza yeye, na kitanda nilalacho ni kazi ya mkono wake. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amekopa shilingi 600,000 kununua mashine ya kuranda pamoja na shehena ya mbao, na hakuwa amechelewesha malipo hata mara moja. Barua ilikuwa ya Kiingereza. "Mwalimu," alisema, "wewe ni mtu wa lugha. Naona hapa wameandika 200. Kama ni shilingi 200 zinazoongezwa kila mwezi, hizo naziweza. Nataka uhakika tu."

Nikaisoma. Zilizoandikwa pale hazikuwa shilingi. Benki ilikuwa ikimwarifu kwamba riba ya mkopo wake imepandishwa kwa vipimo 200, vile vipimo vidogo ambavyo wanauchumi hutumia kuipimia riba, na ambavyo kila kimoja ni sehemu moja ya mia ya asilimia moja. Vipimo 200, basi, ni asilimia 2. Asilimia 2 ya shilingi 600,000 ni shilingi 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kwa mwezi. Nilipomfafanulia hayo alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Kwani nimekosa nini?"

Hakuwa amekosa lolote. Barua ile ilikuwa mwisho wa mnyororo mrefu ambao pete yake ya kwanza iko Nairobi, katika Benki Kuu ya Kenya. Huko, kila baada ya miezi miwili hivi, hukutana Kamati ya Sera ya Fedha, iliyoundwa mwaka 2008, ili kuamua kiwango cha riba cha Benki Kuu. Desemba 2023 kamati hiyo ilikipandisha kiwango kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5, na Februari 2024 ikakifikisha 13. Sababu kubwa ilikuwa kuporomoka kwa shilingi. Mnamo Januari 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160, na kila kitokacho ng'ambo, tangu petroli hadi mbolea na ngano, kikawa kinaingia nchini na bei mpya.

Kiwango hicho chafanya kazi gani hasa? Msomaji asidhani kwamba Benki Kuu humkopesha seremala. Benki Kuu ni benki ya benki. Benki za biashara hulazimika kisheria kuweka kwake sehemu ya amana za wateja wao. Sehemu hiyo ilikuwa asilimia 4.25 wakati fundi alipopata barua yake, na ikapunguzwa hadi 3.25 Februari 2025. Jioni zinapofunga hesabu, benki iliyopungukiwa hukopa kwa iliyozidiwa, au hukopa kwa Benki Kuu yenyewe. Benki Kuu ikitaka fedha ziadimike, huziuzia benki hati za serikali, na fedha zinazolipwa huingia kwake zikalala. Ikitaka fedha ziwe tele, hununua hati hizo na kuzirudisha fedha sokoni. Kwa njia hii huivuta bei ya mkopo wa usiku mmoja baina ya benki ikae karibu na kile kiwango ilichokitangaza. Benki inayopata fedha kwa ghali haiwezi kukopesha kwa rahisi. Basi mwenye duka huahirisha kuongeza bidhaa, anayejenga huahirisha paa, na fundi huuza vitanda vichache. Wanunuzi wakipungua, wauzaji nao husita kupandisha bei. Wakati uo huo mwenye dola zake huona faida ya kuzigeuza shilingi ili aivune riba hiyo kubwa, na shilingi hupata nguvu.

Hiyo ndiyo dawa. Ni dawa chungu, na hupita mwilini polepole. Wanauchumi wenyewe husema yaweza kuchukua mwaka au zaidi kabla haijafika kote. Tena anayeonja uchungu wake kwanza aghalabu si yule aliyeuleta ugonjwa.

Wasiopata kuuona ugonjwa wenyewe huweza kudhani kwamba dawa hii ni uonevu mtupu. Mwaka 1993 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na nakumbuka jinsi mama alivyokuwa akinipa pesa za sukari, kisha akaniongezea nyingine, maana hakuwa na hakika kwamba bei aliyoiacha dukani jana ataikuta leo. Mwaka huo mfumko wa bei ulifikia wastani wa asilimia 46. Itakumbukwa kwamba Desemba 1992 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja. Fedha zilimwagwa nchini bila kiasi, baadhi ya benki zikaachiliwa kuchota kwa Benki Kuu kupita kile zilichokiweka, na kashfa ya Goldenberg, ambamo serikali iliwalipa watu fidia ya mauzo ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwapo, ikala mabilioni. Micah Cheserem alipoteuliwa kuwa gavana katikati ya mwaka 1993, ilibidi fedha zile zifyonzwe kwa kuuza hati za Hazina zilizotoa riba ya zaidi ya asilimia 70. Wenye nacho walitajirika wakiwa wamekaa vitini. Wenye karakana ndogo, ambao hawakuwa wamechota hata senti moja, hawakuweza tena kukopa.

Neno lenyewe, mfumko, lastahili kutazamwa. Waingereza wamelipata jina la jambo hili kwa kitu kinachojazwa pumzi. Sisi tumelipata kwa fundi cherehani: nguo hufumuka pale uzi unapoachia, na mshono mmoja ukishaachia, ulio jirani yake hufuata. Nadhani picha yetu ni sahihi zaidi. Bei ya dizeli huachia, nauli ya matatu ikafuata, kisha nyanya zilizopakiwa katika matatu hiyo, kisha kibarua wa mwenye nyanya akadai nyongeza, na mwishowe hakuna ajuaye ni mshono upi ulioachia kwanza. Kazi ya Benki Kuu, kwa mujibu wa sheria yake na ya Kifungu cha 231 cha Katiba ya mwaka 2010, ni kuushika uzi huo kabla haujafika huko.

Sasa nije katika jambo lililonifanya mimi, mtu wa isimu, kushika kalamu katika uwanja usio wangu. Ukichunguza utaona kwamba chombo kikubwa cha Benki Kuu ni usemi. Kabla hati hata moja haijauzwa, gavana husimama akatamka tarakimu, na kwa kutamka huko mambo hubadilika. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba ipo semi isiyoeleza jambo bali inayolitenda. Hakimu asemapo "nakuhukumu", haelezi hukumu, anahukumu. Bibi harusi asemapo "nimekubali", hatoi habari, anaolewa. Usemi wa gavana ni wa ukoo huo.

Mfano maarufu zaidi ulitokea London, tarehe 26 Julai 2012. Nchi zinazotumia yuro zilikuwa katika dhiki, na Uhispania ilikuwa ikitozwa riba ya zaidi ya asilimia 7 kwa mikopo ya miaka kumi. Mario Draghi, rais wa Benki Kuu ya Ulaya, alisimama mbele ya wawekezaji akasema kwamba benki yake, ndani ya mipaka ya madaraka yake, iko tayari kufanya lolote litakalohitajika ili kuihifadhi yuro. Riba za Uhispania na Italia zilianza kushuka. Septemba benki hiyo ikatangaza mpango wa kununua hati za nchi zilizotatizika. Mpango huo haujapata kutumiwa kununua hata hati moja. Maneno yalitosha. Na hata Wamarekani walichelewa kulitambua hili: hadi mwanzoni mwa mwaka 1994 benki kuu yao haikuwa na desturi ya kutangaza uamuzi wake wa riba siku ulipotolewa, na wafanyabiashara walilazimika kuubashiri kwa kutazama mienendo yake sokoni, kama mvuvi atazamavyo mawingu.

Walakini Austin aliweka sharti. Usemi wa aina hii haukamiliki mpaka anayeambiwa aupokee na kuuelewa. Bibi harusi akikubali kwa lugha isiyojulikana na kadhi wala mashahidi, hapana ndoa hapo. Ndipo nauliza: gavana wetu anaposema, nani humpokea?

Taarifa ya Kamati ya Sera ya Fedha huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha watu wa fani. Maafisa wa benki, madalali wa hisa na wawekezaji wa kigeni huisoma na kuipokea kabla jua halijatua. Hao usemi umewatimilia. Lakini mfumko wa bei haufanywi na hao peke yao. Bei ya kesho huamuliwa kwa sehemu kubwa na kile ambacho watu wanakitarajia leo: mama mboga anayedhani kwamba kila kitu kitapanda atapandisha mapema ili asije akakuta mtaji wake umeliwa, na mwenye nyumba anayedhani vivyo hivyo ataandika ilani ya kodi mpya. Benki Kuu yetu imejiwekea lengo la mfumko wa asilimia 5, juu au chini kwa 2.5. Lengo hilo lina manufaa pale tu watu wanapolijua na kuliamini, maana wakiliamini husita kupandisha bei hata kabla riba haijapanda, na riba yenyewe haihitaji kupanda sana. Kaulizie tarakimu hiyo katika kituo chochote cha matatu, uone wangapi wamepata kuisikia. Kwa hao gavana hajasema kitu. Na maadamu hajasema nao, hana budi kuwapiga kwa riba.

Noti zetu zimeandikwa "Banki Kuu ya Kenya", banki yenye a, tahajia ambayo Kiswahili Sanifu kina zama nyingi tangu kiiache, na ambayo hata noti mpya za mwaka 2019 ziliirithi. Sina ugomvi na herufi moja. Kinachonikera ni kwamba hayo maneno machache ya kwenye noti karibu ndiyo Kiswahili pekee ambacho taasisi hiyo humwambia mwananchi kila siku, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na ni mojawapo ya lugha mbili rasmi.

Wapo wanaodai kwamba mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Ng'ambo ya mpaka yanasemwa. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha kuongoza sera yake kwa kutazama kiasi cha fedha kilichomo katika uchumi, ambacho wao hukiita ujazi wa fedha, ikaanza kutumia riba. Na uamuzi huo ulitangazwa kwa Kiswahili: Riba ya Benki Kuu, asilimia 5.5. Hakuna aliyekwama kwa kukosa msamiati. Jamaika walikwenda mbali zaidi. Benki kuu yao iliwaita wanamuziki wa reggae waeleze kwa nyimbo na video kwa nini mfumko mdogo na ulio thabiti ni afadhali. Wapo waliocheka, lakini nyimbo zilisikilizwa, na hilo ni zaidi ya niwezalo kusema kuhusu taarifa zetu.

Wenzangu wa idara ya uchumi, nilipowasimulia haya katika chumba cha chai, walinipinga kwa hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Kwanza, walisema, sehemu kubwa ya matumizi ya mlalahoi ni chakula, na bei ya chakula hufuata mvua kuliko riba. Ni kweli. Mei 2017, baada ya ukame, mfumko wa bei ulifika asilimia 11.7, na kilichoteremsha bei ya unga hadi shilingi 90 kwa pakiti ya kilo mbili kilikuwa ruzuku ya serikali. Hapana kiwango cha riba kinacholeta mvua. Pili, mikopo ya wengi siku hizi ni ya simu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na ada hiyo ilibaki pale pale kwa miaka mingi, kiwango cha Benki Kuu kipande kishuke. Mtu wa namna hiyo, gavana aseme Kiswahili, aseme Kiturkana, hampati. Tatu, serikali yenyewe hukopa sana nchini, na benki yenye nafasi ya kuikopesha serikali bila wasiwasi haina haja kubwa ya kumkimbilia seremala.

Nayakubali yote matatu. Naongeza hata la nne: Bunge lilipojaribu kumwokoa mkopaji kwa sheria, Septemba 2016, kwa kuzizuia benki zisitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, benki ziliwafungia milango wakopaji wadogo, na Novemba 2019 sheria hiyo ikaondolewa. Fundi wangu alikuwa miongoni mwa walioambiwa warudi siku nyingine. Amri peke yake haikumfaa.

Lakini hoja hizo hazigusi jambo moja, nalo ndilo lililonisumbua zaidi. Riba ina mwendo wa kupanda na mwendo wa kushuka, na miendo hiyo miwili hailingani.

Dawa ya mwaka 2024 ilifanya kazi. Sisemi kwamba ni riba peke yake. Februari ya mwaka huo serikali ilikopa dola bilioni 1.5 ng'ambo ili kulipa sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni, na hofu ya kushindwa kulipa ikapungua. Kwa vyovyote, shilingi ilirudi hadi karibu 130 kwa dola, na mfumko ukashuka kutoka asilimia 6.9 Januari 2024 hadi 2.7 Oktoba. Kuanzia Agosti 2024 kamati ilianza kupunguza kiwango, mkutano baada ya mkutano, na kufikia Desemba 2025 kilikuwa asilimia 9. Hizo ni asilimia 4 zilizoondoka. Wastani wa riba inayotozwa na benki ulikuwa takriban asilimia 17 Novemba 2024, na mwaka mmoja baadaye ulikuwa karibu 15. Gavana Kamau Thugge alizilaumu benki hadharani kwa kusuasua, na mwaka 2025 Benki Kuu ikatangaza kwamba mikopo ya shilingi yenye riba inayobadilika itafungamanishwa na wastani wa riba ya mikopo ya usiku mmoja baina ya benki, kisha juu yake iongezwe sehemu inayomhusu mteja mwenyewe. Wastani huo wameupa jina KESONIA, ambalo ukilisikia kwa mbali utadhani ni la binti wa jirani.

Utaratibu huo ni mzuri. Lakini mteja ambaye hajui kwamba kiwango kimeshuka hawezi kudai kilicho chake. Wakati wa kupanda, barua ilimfikia fundi katika majuma machache. Wakati wa kushuka, mwaka mzima ulipita kimya. Alikuwa akilipa ile nyongeza ya mwaka 2024 kana kwamba ni amri ya mbinguni, mpaka siku moja mwaka 2025, akinirekebishia mlango, nilipomwambia kwamba kule Nairobi wameshapunguza mara kadhaa. Aliweka patasi chini. "Na mbona hawakuniambia?"

Tukaandika barua, ya Kiswahili, ukurasa mmoja. Iliuliza mambo mawili tu: riba yake imejengwa juu ya kiwango gani, na sehemu iliyoongezwa juu yake ni ipi. Jibu lilichukua majuma matano. Lilikuja kwa Kiingereza, aya mbili, likisema kwamba benki imeridhia kupunguza riba ya mkopo wake kwa vipimo 100.

Safari hii hakuniomba nimsomee. Alichomoa penseli sikioni, akapiga hesabu juu ya kipande cha plaiwudi: deni lililobaki lilikuwa shilingi 310,000, vipimo 100 ni asilimia 1, basi shilingi 3,100 kwa mwaka, 258 kwa mwezi. Akaitazama ile tarakimu, akairudia barua, akaniuliza:

"Walipanda mia mbili, Mwalimu. Wameshuka mia moja. Hiyo mia nyingine iko wapi?"

Barua ya pili tuliiandika jioni ile ile.